Goma na Bukavu: Nyufa zinazibwa, kisha zinarudi. Hali ya wakaaji wanaojitengenezea nyumba

Katika miji ya Goma na Bukavu, mvua za mwezi wa tisa ndizo zinakagua nyumba. Zinapita kwenye mabati, zinapenya katikati ya mbao, zinashuka ukutani, na asubuhi kila familia inajua pahali penye kasoro. Ndoo zinapangwa sakafuni, kitanda kinasukumwa upande mwingine, na swali linaanza: tuite fundi, ama tujifanyie wenyewe?

Kwa wakaaji wengi, jibu linatoka mfukoni mbele ya kutoka kichwani. Tangu mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu katikati ya mwezi wa pili, mabenki yalifunga milango, kazi nyingi zikasimama na feza ikawa ngumu kupata. Bei za vifaa zinatajwa kwa dola hata pale malipo yanafanyika kwa franka za Kongo. Katika hali hiyo, nyundo ambayo zamani ilishikwa na fundi, leo inashikwa na baba, mama ama kijana wa nyumba. Wakongomani wana jina la zamani kwa maisha ya namna hiyo: artikle 15, yaani jipange mwenyewe.

Wapo wanaofaulu. Mlango uliokataa kufunga sasa unafunga, bomba lililovuja limenyamaza, na feza ya fundi imebaki kununua unga. Wapo pia waliopanda juu ya paa kwa ajili ya tundu moja wakashuka wameacha matano. Na wapo waliopaka rangi juu ya ufa, wakalala kwa amani, bila kujua kwamba ukuta ulikuwa unawaonya.

Paa lililotobolewa

Kazi ya kwanza ya nyumba nyingi za Goma ni manjanja, kama wengi wanavyoita mabati. Katika mapigano ya mwezi wa kwanza 2025, risasi na vipande vya mabomu viliangukia mitaa ya watu, na paa nyingi zilibaki na matundu. Tundu la risasi si kama tundu la msumari. Risasi inayoshuka inakunja kingo za bati kuelekea ndani, na kingo hizo zinakuwa kama mdomo unaonywa maji. Kuliziba kwa juujuu hakutoshi. Inafaa kwanza kuzinyoosha kingo kwa nyundo ndogo, huku mtu mwingine ameshika kipande cha mbao upande wa pili.

Kulipata tundu ni kazi rahisi kuliko wengi wanavyofikiri. Saa sita za mchana, funga milango na madirisha, zima taa, kisha tazama juu. Kila tundu litawaka kama nyota. Pitisha kijiti chembamba kutoka ndani, na aliye juu ataona pa kufanyia kazi. Njia hiyo inamwepusha kutembea hovyo juu ya paa akitafuta kwa macho.

Makosa yanaanza pale pa kuziba. Sabuni, nta ya mshumaa na bazoka iliyotafunwa vinasimamisha maji kwa usiku mmoja, lakini jua la kesho linaviyeyusha ama kuvikausha. Simenti nayo inadanganya. Bati linapanuka kwa joto la mchana na kujikunja kwa baridi ya usiku, wakati simenti haifuati mwendo huo. Baada ya muda mfupi inapasuka na maji yanapita chini yake, pahali ambapo hata jicho haliyaoni. Kinachodumu ni kipande cha bati kikubwa kuliko tundu, kilichopakwa lami upande wa chini na kubanwa vizuri, ama lami pamoja na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la gari, juu ya bati lililosuguliwa kutu na kukauka kabisa.

Misumari pia ina sheria yake. Msumari wa bati unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni, kwa sababu maji yanapita bondeni. Chini ya kichwa chake inafaa kuwe na mpira. Msumari uliong'olewa na kupigwa kando unaacha tundu la zamani wazi, na hapo ndipo mtu anaziba moja na kufungua jingine.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kuanguka. Bati lenye maji linateleza kama samaki. Anayepanda anakanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna mbao, si katikati ya bati ambapo hapana kitu. Ngazi inafungwa kwa kamba juu, na mtu anasimama chini kuishika. Hakuna tundu linalostahili mguu uliovunjika, hasa siku hizi ambapo gharama ya matunzo inazidi bei ya paa zima.

Wale wanaokaa upande ambako upepo unasukuma moshi wa Nyiragongo, kama vile Rusayo, wana adui mwingine. Gesi za volkano zinachanganyika na mvua, mvua inakuwa na asidi, na asidi inakula bati na misumari mapema. Mvua hiyo inabeba pia floridi, madini ambayo yakizidi katika maji ya kunywa yanaharibu meno ya watoto. Ndiyo maana anayebadilisha mabati na kuweka mifereji ya kukusanya maji inafaa ajiulize pia maji hayo ni ya kufulia ama ya kunywa.

Nyumba za mbao juu ya mawe ya lava

Ikumbukwe kwamba sehemu kubwa ya Goma ya leo imesimama juu ya lava. Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka wa 2002, Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani Kivu, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Wengi walijenga tena palepale, juu ya mwamba uliopoa, kwa mbao na mabati. Zilisemwa kuwa nyumba za muda. Zaidi ya miaka 20 imepita, na watoto waliozaliwa ndani yake wamekwisha kuwa wazazi.

Nyumba ya mbao ina wema wake. Ni nyepesi, na ardhi ikitetemeka inayumba bila kuanguka upesi kama ukuta mzito wa mawe. Inaweza kubomolewa na kuhamishwa. Na ni nyumba ambayo mwenyewe anaweza kuitengeneza ubao kwa ubao.

Kuoza kunaanza karibu kila mara chini. Mvua inapiga udongo na mawe, matone yanaruka hadi sentimeta 30 ama zaidi, na ubao wa chini unalowa kila siku. Anayengoja mpaka ukuta mzima ulale atanunua ukuta mzima. Anayeng'oa ubao mmoja wa chini, akainua msingi kwa mstari wa mawe na kuweka mpya, ametumia kidogo sana. Anayeweza kurefusha paa kidogo ili maji yaanguke mbali na ukuta amefanya zaidi, kwa sababu ameondoa chanzo.

Ili kulinda mbao, wengi wanapaka mafuta machafu yaliyotolewa katika injini za magari. Ndiyo maana nyumba nyingi ni nyeusi. Mafuta hayo yanafukuza maji na wadudu, na bei yake ni ndogo. Lakini yanashika moto, yanachafua mikono na harufu yake haifai kwa chumba cha kulala mtoto. Yapakwe nje tu, mbali na jiko, na nguo zilizotumika kupakia zisirundikwe ndani.

Jambo jingine ni zile nafasi kati ya mbao ambamo baridi ya usiku inapita. Familia zinaziba kwa makartoni, magazeti na mifuko. Joto linabaki ndani, ni kweli, lakini ukuta unageuka kuwa kuni zilizopangwa tayari. Vipande vyembamba vya mbao vilivyopigiliwa juu ya kila nafasi vinachukua muda zaidi, ila havishiki moto kama karatasi, na vinazuia pia mvua ya upepo.

Ufa una lugha yake

Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka wa 2021, Nyiragongo ililipuka tena. Lava iliteketeza vijiji vya Nyiragongo na kusimama kwenye mlango wa mji, upande wa Buhene. Baada ya hapo ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku nyingi, na tarehe 27 ya mwezi huohuo uongozi wa jimbo uliamuru wakaaji wa sehemu kubwa ya mji waondoke. Waliporudi kutoka Sake, Rwanda na kwingineko, wengi walikuta kuta za mawe na za matofali zimepasuka.

Kilichofuata kinajulikana. Watu walinunua kilo chache za simenti, wakaziba, wakapaka rangi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna anayebisha. Lakini wahenga hawakusema ufa uzibwe bila kuulizwa umetoka wapi. Anayeziba bila kuuliza ameuficha tu, na mpangaji atakayekuja kesho ataweka kitanda chake chini yake.

Mafundi waashi wenye uzoefu wanasoma nyufa kama daktari anavyosoma homa. Ufa mwembamba kama unywele, ulio katika lipu tu, si wa kuogopesha. Mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha ama mlango na kwenda mshazari unaonyesha kwamba juu ya tundu hilo hakuna nguzo ya kulala ya kutosha, ama msingi umeshuka upande mmoja. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya matofali, unaelekeza kidole kwenye msingi. Na ufa ambao kalamu inaingia, ama ambao umepanuka juu kuliko chini, hauhitaji mwiko. Unahitaji mtu aliyesoma ujenzi, na familia inafaa isilale upande huo.

Kuna kipimo ambacho kila mtu anaweza kufanya bila kulipa. Chukua simenti kidogo, paka kipande kama kiganja juu ya ufa, kiwe sehemu mbili, moja chini na moja juu. Ikikauka, andika tarehe juu yake. Ngoja msimu mmoja wa mvua. Ikiwa kipande hakikupasuka, ukuta umetulia: sasa panua ufa kwa patasi, osha vumbi, lowesha kwa maji na uujaze vizuri. Ikiwa kimepasuka, ukuta ungali unatembea, na simenti yoyote utakayoongeza itatembea nao.

Kwa nini kuta za mawe za Goma zinapasuka haraka? Mawe ya lava ni mengi na hayanunuliwi kwa bei kubwa, lakini ni mazito, na mara nyingi yanashikanishwa kwa simenti iliyopunguzwa mno. Kuta nyingi hazina mkanda wa zege wenye vyuma, ule mafundi wanaita shenaji, unaofunga kuta zote nne pamoja kama mshipi. Bila mshipi huo, ardhi ikitetemeka kila ukuta unakwenda njia yake. Tena, si kila lava ni mwamba mzima. Pahali pengine ukoko wa juu ni mgumu, lakini chini kuna nafasi tupu.

Simenti yenyewe, inayoingia kwa wingi kutoka Rwanda na Uganda katika mifuko ya kilo 50, inaharibiwa na mikono yetu. Mfuko uliokaa sakafuni msimu wa mvua unashika unyevu na kuwa na mabonge. Ukikuta bonge lisilovunjika kwa vidole, simenti hiyo imekufa. Maji mengi yanafanya mchanganyiko uwe mwepesi kupaka na dhaifu kukaa. Mchanga wenye udongo unazuia simenti kushika. Kuupima ni rahisi: tia mchanga nusu chupa, jaza maji, tikisa, na uache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini na udongo utakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo uoshwe ama uachwe.

Na kuna kosa ambalo karibu kila anayejifanyia anafanya: kumaliza kazi jioni na kuisahau. Lipu mpya inafaa kunyunyiziwa maji mara kadhaa kila siku, kwa muda wa siku 7 hivi. Simenti haikauki kama nguo. Inakomaa kwa kunywa maji. Ikinyimwa, inakuwa unga.

Bukavu: nyumba ya chini inakunywa maji ya nyumba ya juu

Upande wa Bukavu, tatizo lina sura nyingine. Mji umekaa juu ya vilima, na watu wamejenga hadi kwenye miteremko mikali. Tetemeko la tarehe 3 mwezi wa pili mwaka wa 2008, lililofikia kipimo cha 5.9, liliacha nyumba nyingi na nyufa. Lakini kuna pahali ambapo kuta zinapasuka hata bila tetemeko.

Katika tarafa ya Kadutu, sehemu ya Funu na mitaa inayoizunguka iko juu ya mporomoko mkubwa wa ardhi unaoteremka polepole. Wachunguzi wa ardhi wanaujua kwa miaka mingi. Wenyeji nao wanaujua kwa njia yao: mlango uliofunga vizuri mwaka jana sasa unakwama, ngazi za mbele zimeachana na nyumba, bomba limekatika tena palepale. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba kukua kwa mji juu ya mteremko huo kumeongeza mwendo wake. Maji yanayopotea kutoka mabomba na yanayotupwa bila mfereji yanaingia ardhini, na ardhi iliyoshiba maji inateleza.

Hapo ndipo matengenezo ya nyumba moja yanakuwa shauri la mtaa. Mkaaji anaweza kuziba ufa wake kila mwaka kwa uangalifu wote. Ikiwa jirani wa juu anaacha maji ya paa na ya kuogea yashuke bila mfereji, kazi ni bure. Na yeye mwenyewe, bila kujua, anamfanyia vilevile jirani wa chini. Mfereji wa mita chache, uliokubaliwa na nyumba tano na kuchimbwa siku ya salongo, unalinda kuta tano. Bomba linalovuja barabarani, hata kama si lako, linastahili kutangazwa kwa Regideso na kwa kiongozi wa mtaa, kwa sababu linakula msingi wako.

Wale wanaojenga kuta za kuzuia udongo nyuma ya nyumba wanasahau jambo moja dogo: matundu ya kutolea maji. Ukuta usio na matundu unageuka kuwa bwawa. Mvua ya usiku mmoja inajaza udongo ulio nyuma yake, uzito unaongezeka, na ukuta uliojengwa kuokoa nyumba unaiangukia. Mabomba mafupi ya plastiki yaliyopitishwa chini ya ukuta, pamoja na mawe madogo nyuma yake, ni gharama ndogo sana.

Umeme si kazi ya kujaribu

Ikiwa kuna kazi ambayo kuponea kwake ni bahati tu, ni umeme. Bukavu inajulikana kwa mioto inayoteketeza nyumba za mbao zilizobanana, hasa katika Kadutu, na Goma nayo haijaokoka. Mishumaa na makaa vinahusika, lakini nyaya zilizounganishwa hovyo ziko miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara.

Hadithi ni ileile kila pahali. Mtu anavuta waya mwembamba wa taa kutoka kwa jirani, anaweka juu yake jiko la umeme, pasi na friji. Viungo vimesokotwa kwa mikono na kufunikwa na mfuko wa plastiki. Fuzi ikikatika, inabadilishwa kwa uzi wa shaba, kwa sababu fuzi "inasumbua". Lakini fuzi haisumbui. Inasema kwamba waya umechoka. Ukiinyamazisha, waya utaendelea kupata joto nyuma ya ubao, pahali ambapo hakuna anayeuona, mpaka usiku mmoja.

Ni vema kujua vipimo viwili. Waya wa taa unafaa kuwa na milimeta 1.5 za mraba, na wa prizi milimeta 2.5. Kubadilisha ampuli ama prizi iliyovunjika ni kazi ambayo mkaaji makini anaweza kuifanya, mradi amekata umeme kwanza kwenye dijonkteri, amepima kwa bisibisi ya kupimia, na hasimami juu ya sakafu yenye maji. Zaidi ya hapo, yaani konteri, nguzo ya barabarani na waya unaoingia nyumbani, ni kazi ya wenye umeme na mafundi wao, awe ni SNEL ama kampuni nyingine. Moto wa umeme haumwagiwi maji mpaka umeme umekatwa. Ndoo ya mchanga karibu na mlango ni bora. Na katika mitaa ambamo gari la zimamoto haliwezi kupita, ndoo hiyo ndiyo zimamoto ya kwanza.

Fundi, avansi na simu isiyoshikwa

Si kila kitu kinafanywa na mikono ya mwenyewe, na kumwita fundi nako kuna mapito yake. Malalamiko yanajulikana: fundi anachukua avansi Jumatatu, Jumanne simu haishikwi, Jumatano yuko kwenye msiba. Anarudi baada ya juma moja na kusema vifaa havikutosha.

Kwa upande wao, mafundi wana maneno yao. Wateja wanataka kazi ya dola mia kwa dola thelathini, wananunua mchanga mbovu kisha wanamlaumu mwashi, wanabadilisha mawazo katikati ya kazi, na siku ya kulipa wanaanza kuhesabu makosa. Wengine wanamwita fundi baada ya kujaribu wenyewe na kuharibu, na hawataki kulipa kazi ya kubomoa walichofanya.

Pande zote mbili zinaokolewa na karatasi. Si lazima iwe mkataba wa mwanasheria. Ukurasa wa daftari unatosha: kazi gani, vifaa gani, nani anavinunua, siku ngapi, bei gani. Vifaa vinunuliwe na mwenyewe akiwa na fundi sokoni, vihesabiwe vikifika na vikibaki. Malipo yagawanywe mara tatu: kidogo mwanzoni, kingine kazi ikifika katikati, na cha mwisho baada ya mvua ya kwanza kupita juu ya kazi hiyo ikiwa ni paa. Fundi anayekubali sharti hilo la mwisho anaamini mikono yake.

Mpangaji aliyetengeneza, mwenye nyumba akapandisha bei

Wakaaji wengi wa miji hii hawana nyumba, wanapanga. Kwao swali ni gumu zaidi: kwa nini kutumia feza kwa ukuta wa mtu mwingine? Kuna aliyebadilisha mabati, akaweka mlango wa chuma na kupaka rangi, na baada ya miezi michache mwenye nyumba akaona imependeza na kupandisha kodi. Kuna pia mwenye nyumba aliyeachiwa chumba chenye prizi zilizong'olewa na choo kilichoziba.

Sheria ya Kongo haiko kimya. Kwa kanuni, mwenye nyumba anapaswa kutoa nyumba katika hali nzuri na kufanya matengenezo makubwa, kama paa, kuta na msingi. Mpangaji anabeba yale madogo yanayotokana na matumizi ya kila siku. Sheria nambari 15/025 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2015, inayohusu kupangisha nyumba zisizo za biashara, iliweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Wengi wanaombwa zaidi, na wengi wanalipa bila kujua.

Ushauri ambao hauhitaji wakili ni huu: siku ya kuingia, piga picha za kila ukuta, kila tundu la paa, kila prizi, pamoja na mwenye nyumba ama mjumbe wake, na muandike hali hiyo kwenye karatasi yenye sahihi mbili. Mbele ya kutengeneza kitu kikubwa, mkubaliane kwa maandishi kwamba feza hiyo itatolewa kwenye kodi ya miezi inayofuata. Mwenye nyumba anayekataa kuandika amekwisha kujibu.

Yale yanayofaulu

Katika taabu zote hizi, kuna faida ambazo hazionekani kwenye bei. Mtaa ambamo ngazi moja inazunguka nyumba kumi ni mtaa unaojuana. Wanawake wanaoweka akiba katika likelemba na katika vikundi vya AVEC wanapokezana, mwezi huu mabati ya mmoja, mwezi ujao mlango wa mwingine. Kijana aliyeshika nyundo kumsaidia baba yake anajifunza kazi ambayo kesho inaweza kumlisha, katika mji ambamo diploma nyingi zinakaa kwenye droo.

Muda mzuri wa kazi hizo ni kiangazi, toka mwezi wa sita hadi wa nane, wakati mbao ni kavu, lami inashika na paa haitelezi. Kinachofaa kufanywa wakati huo kinajulikana: kutazama paa mchana milango ikiwa imefungwa, kusafisha mifereji, kubadilisha ubao wa chini uliooza, kuandika tarehe juu ya kila ufa, kugusa kila waya kwa mgongo wa mkono, juu ya plastiki yake tu, kuona kama una joto, na kuzungumza na jirani wa juu kuhusu maji yake.

Kazi hizo karibu zote zinahitaji feza kidogo na macho mengi. Zile zinazobaki, yaani msingi unaoshuka, ukuta unaotembea, umeme wa barabarani na mteremko unaoteleza, si za nyundo ya mtu mmoja. Hizo zinangoja mafundi wenye masomo, wenye nyumba wanaoheshimu sheria, na viongozi watakaosema wazi pahali pa kujenga na pahali pa kuacha. Mpaka hapo watakapopatikana, mkaaji wa Majengo, wa Ndosho ama wa Funu ataendelea kuandika tarehe juu ya ufa wake, na kungoja mvua imjibu.